Kichuguu cha Shoto

Nimekula mshahara wa nyasi miaka thelathini na moja hapa hapa London, na mgongo wangu ni shahidi. Nilikuwa mtunza uwanja wa kriketi. Nyinyi vijana mnaotoka alfajiri kwenda kupakia mizigo uwanja wa ndege, nyinyi mnaowaogesha wazee wa watu katika majumba yao, na wewe mjukuu wangu Zuwena uliyeanza kazi ofisini juzi ukarudi na uso umekunjamana, haya nimewaandikia nyinyi. Zuwena atasomewa na mama yake, maana Kiswahili anakisikia lakini majibu yake yote ni Kiingereza. Haidhuru, mradi asikie.

Sitaanza na nilivyofika, kwa sababu kila mtu wa umri wangu ana hadithi ya alivyofika na zote zina baridi ndani yake. Niliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, nikapanga chumba Kilburn, basi. Nitaanza na udongo.

Udongo unadanganya macho. Ukiutaka ukweli, ubonyeze kwa dole gumba. Dole likizama, umelowa mno. Likigoma kabisa, umekauka. Likiacha alama safi na lisitoke na kitu, huo ndio udongo wa kufanyia kazi. Baada ya hapo upige, usikilize. Udongo mkavu una sauti ya kopo tupu. Uliokolea maji una sauti nzito, fupi, haina mwangwi. Kwetu Mjini nilikua nikiisikia sauti hiyo kila nyumba ilipoezekwa dari ya chokaa, watu wamepanga mstari wanapigilia kwa vipande vya mti huku wanaimba. Sikujua kwamba siku moja nitakuja kuitafuta sauti ile London, mbele ya maelfu ya watu.

Aliyenitia kazini ni Bwana Harbans, Singasinga wa Nairobi, mkuu wa watunza uwanja. Mie nilikuwa mfagiaji wa viti tu. Siku moja turubai lililojaa maji ya mvua lilinimwagikia lote, nikalitukana kwa Kiswahili, matusi ya bandarini kabisa. Nyuma yangu sauti ikauliza nani amekufundisha maneno mbaya hivyo. Nikageuka, nikaona kilemba na ndevu nyeupe, na mtu anacheka mpaka anashika ukuta. Wiki iliyofuata nilikuwa nasukuma rola ya kushindilia uwanja. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja tulizungumza Kiswahili, yeye chake cha Nairobi kisichojali chochote, mie changu cha Mjini, na Waingereza walidhani tunawasengenya. Mara nyingine walidhani sawa.

Bwana Harbans alikuwa na sheria moja kubwa, nami niliijua kwa njia chungu. Mwaka wangu wa pili, asubuhi ya mechi, nilifika mapema nikaona ukanda wa kuchezea umepasuka nyufa. Nikauonea huruma. Nikachukua ndoo nikaunywesha. Mpira ulipoanza kudunda pale, haukuwa mpira tena. Huu ulinyanyuka, ule ukatambaa, na mpigaji mmoja akapigwa mbavuni akatolewa nje amejikunja. Bwana Harbans hakunisemesha siku nne. Ya tano akanishika mkono mpaka kwenye bomba, akalifunga kwa nguvu, akasema: "Siku ya mechi, hii bomba wewe hapana gusa." Sikuligusa. Miaka kumi na tatu sikuligusa siku ya mechi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa nije kwenye mechi yenyewe. Vuli moja walikuja Wamarekani, timu mbili za wachezaji wa kulipwa, kuwaonyesha Waingereza mchezo wao wa besiboli. Walikodi uwanja wetu kwa mechi mbili, Jumamosi na Jumapili. Kwa asiyeujua, mchezo ni hivi. Mrushaji anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo, anamrushia mdakaji wake mpira, na katikati yao yuko mpigaji na gongo lake. Mpigaji akikosa mara tatu, au mpira wake ukidakwa, anatoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana. Anayepiga vizuri anakimbia vituo vinne kuzunguka, na akirudi alipoanzia amepata pointi moja. Mizunguko ni tisa. Kuna siku pointi zinamiminika, na kuna siku warushaji wote wawili wamekataa, mtu hapiti.

Kilima kile kina urefu wa inchi kumi. Bwana Harbans alikitazama mara moja akasema ni kichuguu, na tangu hapo kikawa kichuguu. Akanisimulia kwamba Nairobi walitengeneza viwanja kwa udongo wa mchwa wenyewe, unatwangwa, unachujwa, unashindiliwa, na kwamba hakuna udongo Uingereza nzima unaoufikia huo. Kila kitu cha Nairobi kilikuwa hivyo kwake, hata mbu.

Kichuguu kilijengwa na fundi wao, Mmarekani mnene mwenye upole aitwaye Walter. Alinichagua mimi nikitunze, akanieleza kazi yangu. Mrushaji akirusha, mguu wake wa mbele unatua kwa uzito wake wote mahali palepale, mara mia, na unachimba shimo. Kila timu zinapobadilishana kuna dakika mbili. Katika dakika hizo nizoe udongo uliolegea, nitie maji shimoni, nijaze udongo mpya, nipigilie. Alisema maji mara tatu. Nami nikaitikia kwa kichwa mara tatu, moyoni nikisema huyu maskini hajui kazi. Maji siku ya mechi? Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa fundi wa miaka kumi na tano, ningemuulizaje mgeni kuhusu udongo kwenye uwanja wangu mwenyewe?

Kitu kingine Walter alituambia wakati wa chakula. Mmoja wa warushaji wa Jumamosi alikuwa wa mkono wa kushoto, mtu wa miaka thelathini na saba, na goti lake la kulia lilikuwa limepasuliwa mwaka uliotangulia. Ndilo goti la mguu anaotua nao. Wakubwa wa timu yake walipanda ndege kuja London kumtazama, waamue kama watamchukua tena au watampa mkono wa kwaheri. Baada ya kutueleza hayo Walter akala achari ya pilipili ya mke wa Bwana Harbans, akaisifu, akaomba nyingine. Jumamosi asubuhi alikuwa kitandani hotelini, tumbo limemshika, na kichuguu kikabaki mikononi mwangu peke yangu.

Yule wa kushoto nikampa jina Shoto. Mwenzake wa timu ya pili alikuwa kijana mrefu ajabu, nikamwita Mrefu. Mrefu alirusha kwa nguvu, mpira ukifika kwenye glavu ya mdakaji unasikia mlio mpaka kwenye kibanda chetu. Shoto hakuwa na nguvu hizo. Mpira wake ulikuja polepole kama hauna nia, halafu karibu na gongo ukakata kona, na majitu yenye mikono kama mapaja yakazunguka na kupiga hewa. Mzunguko wa kwanza sifuri kwa sifuri. Wa pili hivyo hivyo. Wa nne, wa tano. Waingereza waliokuja kuona mipira ikipigwa hadi barabarani walianza kwa kupiga miayo, kisha kidogo kidogo wakanyamaza, kwa sababu hata asiyejua mchezo anajua watu wawili wakikataa kushindwa.

Mie kila mapumziko nilikimbia na reki, ufagio na chuma changu cha kupigilia. Nilizoa, nikajaza udongo mkavu, nikapiga, nikafagia juu. Kikapendeza kwelikweli. Watu wa jukwaa la karibu walinipigia makofi. Ndoo ya Walter ilikuwa pale pembeni, imejaa, nami niliiruka kila nikipita.

Mzunguko wa saba niliona kitu cha ajabu kwenye benchi la Shoto. Wenzake walikuwa wamemhama. Amekaa peke yake, koti limefunika mkono wa kushoto, na hakuna anayemtazama. Nikamuuliza mtunza magongo wao kama wamegombana. Aliniziba mdomo kwa mkono wake, wallahi, akaninong'oneza kwamba mpaka saa ile hakuna aliyeupiga mpira wa Shoto akafika kituo, hata mmoja, na kwao jambo hilo likitajwa linaharibika. Nilimwelewa zaidi kuliko alivyodhani. Kwetu hata mtoto mnene hasifiwi bila mashallah. Nikapita mbele ya Shoto nimeinamisha kichwa.

Ilikuwa mzunguko wa nane. Shoto alirusha, mguu wa kulia ukatua, na kipande cha udongo kikubwa kama chapati kikang'oka chini ya kiatu kikateleza nacho. Mpira ulifika, mpigaji akakosa, watu wakashangilia. Mie niliona mguu. Shoto aliinama, akashika goti, akakaa hivyo muda wa kupumua mara tatu, akainuka. Alipotua mara ya pili udongo ukahama tena. Akaanza kuufupisha mguu, kutua kabla ya shimo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayevuka ubao mwembamba. Akawatoa watu wake hivyo hivyo, watatu, akarudi benchi anachechemea.

Nilijua pale pale nilichofanya. Udongo mkavu juu ya udongo mkavu haushikani. Nilikuwa nimempangia vigae mtu mwenye goti bovu. Mizunguko minane nilikuwa nazoa udongo uliolegea kwa wingi kuliko kawaida na sikujiuliza unatoka wapi.

Dakika mbili hazikutosha. Shimo kama lile lilitaka kuchimbuliwa lote, kuloweshwa, kungojewa, kujazwa tabaka kwa tabaka. Hiyo ni kusimamisha mechi. Na kumsimamisha Shoto wakati ule ni kuupoza mkono wake, mbele ya wakubwa wake, siku ambayo hata jina lake watu waliogopa kulitaja. Nikinyamaza labda atamaliza salama, bado watu watatu tu. Nikinyamaza labda goti litakatika. Nilikwenda kwa Bwana Harbans aliyekuwa ameegemea rola, nikamwambia udongo wa kichuguu umeachana.

"Maji ulitia?" akauliza.

"Sikutia."

"Nani alisema usitie?"

"Wewe."

Uwanjani Mrefu, ambaye kwa mkono wake wa kulia alitua kando ya shimo la Shoto, alishaanza kurusha mzunguko wa tisa, na glavu ililia paa, paa.

"Mimi nilisema kriketi," akasema.

Nilimwambia ninaogopa, na nilimwambia kwa maneno hayo hayo. Nikamweleza kwamba nikiingia nitaua siku ya yule mtu, na nisipoingia huenda nikaua mguu wake. Alikuna ndevu. Nilitaraji atasema tusubiri, kwa sababu Bwana Harbans hakupenda aibu ya uwanja wake ionekane na wageni. Akainama akachukua ndoo ya pili.

"Siku iko mingi," akasema. "Goti iko mbili tu. Na moja yake imekwisha haribika. Enda."

Mrefu aliwatoa watatu wake, sifuri bado. Shoto alipotoka benchini nilikuwa nimeshasimama juu ya kichuguu na ndoo mkononi. Mwamuzi akaja. Nikamwambia kwa sauti, ili Shoto naye asikie, kwamba udongo si salama na kosa ni langu. Kocha wa Shoto akatoka mbio akinifokea, kidole puani mwangu. Akataka kujua kwa nini sasa, kwa nini si jana, nani aliyenileta. Nilikuwa nastahiki. Shoto alishuka kwenye kichuguu, akasimama majanini, akaanza kurushiana mpira na mdakaji wake taratibu ili mkono usipoe. Upepo ulikuwa wa kisu.

Nikachimba. Udongo wangu mzuri ukatoka mkavu kama unga, mkono mzima ukazama. Nikalowesha, nikangoja maji yanywewe, nikajaza tabaka la kwanza. Bwana Harbans, mtu wa miaka sitini na kitu, akashika chuma kingine, tukapigilia kwa zamu, yeye nami, yeye nami. Jukwaani walianza kupiga miluzi. Mlio wa chuma ulikuwa bado mtupu. Tabaka la pili, maji, kungoja. Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kupiga, kwa sababu mtu anayengoja anaonekana hafanyi kitu, na kocha yule alikuwa amesimama juu ya kichwa changu anatazama saa. Tabaka la tatu ndipo sauti ikashuka, ikawa nzito, fupi. Tulichukua dakika kumi na moja. Najua kwa sababu kocha alinitajia kila moja.

Shoto akapanda. Akakanyaga shimo mara mbili, akazungusha kisigino. Mie nilirudi pembeni na sikutazama mpira tena, nilitazama mguu. Akarusha wa kwanza. Mguu ukatua, ukakaa. Akarusha wa pili. Mguu ukatua kwenye alama ile ile, haukuhama hata unywele, na nikasikia kitu ambacho siku nzima sikukisikia kwake, mlio wa gongo uliojaa.

Uwanja mzima ulisimama. Mpira ulianguka kwenye kona ya mbali ukadunda ukutani, na mpigaji alipokoma kukimbia alikuwa kituo cha tatu. Aliyefuata aliupiga juu sana, mbali sana. Ulidakwa, lakini yule wa kituo cha tatu alikimbia mpira ulipokuwa bado unarudishwa, akajitupa kwa tumbo, akafika. Moja kwa sifuri. Timu ya Mrefu ndiyo iliyokuwa na zamu ya mwisho ya kupiga, kwa hiyo mechi imekwisha. Mrefu alirukiwa na wenzake mpaka hakuonekana. Shoto alibaki juu ya kichuguu, glavu begani, kisha akatoka bila kumtazama mtu.

Nilitaka ardhi inimeze. Sijui kama mkono wake ulipoa kwa sababu yangu, na Walter baadaye aliniambia hakuna anayeweza kujua. Mie naamini ulipoa. Nimelibeba hilo miaka yote, na sioni sababu ya kuwadanganya leo.

Watu walipotoka, mie nilibaki kutengeneza kichuguu kwa ajili ya Jumapili. Bwana Harbans alikunja mabomba. Nimeinama hivyo, nikaona viatu. Alikuwa Shoto, bado na jezi, goti limefungwa barafu juu ya suruali. Niliinuka, nikavua kofia, nikamwambia pole, nikamwambia tena. Alitia kiatu chake katika lile shimo la mwisho, akasukuma kwa uzito wake wote. Halikutoa hata chembe.

"Shimo hili ni zuri," akasema. "Kwa nini hukufanya hivi mzunguko wa kwanza?"

Ningeweza kumwambia kuhusu bomba la Bwana Harbans, kuhusu kriketi, kuhusu tumbo la Walter. Vyote vilikuwa kweli. Nilimwambia sikujua, na niliona haya kuuliza.

Mkubwa wake mmoja, mwenye koti la sufu, alikuwa anamsubiri kwenye ngazi na akamwita. Shoto aliinua mkono kumwambia angoje. Kisha akashuka chini taratibu, akapiga goti lile lile bovu, akanyoosha mkono apewe ndoo.

"Kesho atasimama mwingine hapa," akasema. "Njoo uone."

Nikapiga goti upande wa pili wa shimo, nikamuuliza maji kiasi gani.